Baden-Powell wa Nyeri: mgeni aliyekaa miaka miwili, nyumba yake ikabaki

Safu hii leo imeandikwa juu ya mlima, kwenye baridi. Nilikuwa Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri, kwa mtoto wa dada yangu ambaye kazi imempeleka huko na sasa amezoea hata kutembea na fulana moja jioni. Mimi nilikaa siku nne na koti sikulivua ila kwa kutia udhu. Siku ya tatu akanambia kwamba mjomba asirudi Mombasa bila kuiona nyumba ya yule mzee wa maskauti, Baden-Powell. Nikamwambia nimekwisha kuona nyumba za Wazungu za kutosha. Akacheka, akanivuta matatuni.

Nyumba yenyewe inaitwa Paxtu, nayo imo ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan. Kwa jicho la mtu aliyekulia Mji wa Kale si nyumba ya kustaajabisha. Haina ghorofa wala mlango wa nakshi, na baraza ya kukaa wazee baada ya Alasiri hakuna. Ni kijumba cha mzee na mkewe, chenye veranda inayotazama upande wa Mlima Kenya. Ndani kuna picha na vitu vyake, na kuta zimejaa skafu na beji zilizoachwa na maskauti waliokuja kuzuru kutoka nchi ambazo nyingine hata mimi sikujua zina maskauti. Nilisimama pale kwa muda kuliko nilivyokusudia. Mtu huyu aliishi katika nyumba ile tangu Oktoba 1938 mpaka Januari 1941. Piga hesabu: ni miaka miwili na miezi mitatu. Na nyumba iko, imefagiliwa, ina mlango, ina paa.

Nikaona nikueleze alikuwa nani, kwa sababu wengi wetu tulivaa skafu shuleni bila kuambiwa.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Babake alikuwa kasisi na mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford, akafa mtoto hajatimiza miaka minne, na mamake, Henrietta Grace, ndiye aliyewalea na kuwasukuma mbele. Shuleni Charterhouse hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Alichopenda ni kutorokea kwenye kichaka kilicho karibu na shule, akanasa sungura, akawapika kwa moto mdogo usiotoa moshi ili walimu wasimwone. Oxford hawakumtaka. Akafanya mtihani wa jeshi mwaka wa 1876, akapasi vizuri mno, akapelekwa India na kikosi cha wapanda farasi.

Kwa miaka zaidi ya thelathini maisha yake yakawa ya jeshi. Alikuwa mchoraji hodari, na mkono wa kuchora ukamsaidia katika upelelezi. Yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi alivyokuwa akijifanya mkusanyaji wa vipepeo, akachora kipepeo ambaye mistari ya mabawa yake ilikuwa ramani ya ngome na mizinga yake. Ukisikia habari kama hizo unamwona kijana mtundu wa kuchekesha. Lakini ngome zilizochorwa zilikuwa za watu, na nchi alizopelekwa zilikuwa na wenyewe.

Mwishoni mwa 1895 alikuwa katika msafara wa Waingereza uliokwenda Kumasi, nchi ya Ashanti, Ghana ya leo. Mfalme Prempeh alikamatwa pale, akapelekwa Sierra Leone, kisha kisiwani Seychelles, na hakurudi kwao mpaka 1924. Mwaka uliofuata Baden-Powell akapelekwa Matabeleland, Zimbabwe ya leo, ambako watu walikuwa wameinuka dhidi ya walowezi. Huko kuna jambo ambalo maskauti wengi hawalijui. Chifu mmoja aliyeitwa Uwini alikamatwa, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi iliyoundwa kwa amri ya Baden-Powell, akapigwa risasi. Wakubwa wake wenyewe walilalamika, uchunguzi ukafanywa, na mwisho akaachiliwa.

Huo ulikuwa mwaka wa 1896. Msomaji wa pwani ataukumbuka mwaka huo kwa mengine. Mwezi wa Agosti manowari za Waingereza zililipiga jumba la Sultani kule Unguja, vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia, na Sayyid Khalid bin Barghash akakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Alikuja kufungwa Seychelles, kisiwa kile kile cha Prempeh, na akafia hapa kwetu Mombasa mwaka wa 1927. Mwaka huo huo wa 1896 Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alivuka mpaka na watu wake akajisalimisha kwa Wajerumani, baada ya vita vya miezi mingi huku bara ya Mombasa, Gazi na Mwele. Kwa hiyo nisije nikadhaniwa nimekwenda Nyeri kusujudia jina la mtu. Najua alikuwa upande gani.

Kilichompa jina duniani ni Mafeking, mji mdogo wa Afrika Kusini ulio mpakani. Makaburu waliuzingira kuanzia Oktoba 1899 mpaka Mei 1900, siku 217, na Baden-Powell ndiye aliyekuwa mkuu wa ndani. Alikuwa na askari wachache, akawalaghai Makaburu kwa hila: mabomu ya ardhini yasiyokuwa mabomu, seng'enge ambazo hazikuwepo, askari waliojifanya wanaziruka ili adui kwa mbali aamini zipo. Mji ulipokombolewa watu wa London walijimwaga mabarabarani usiku kucha. Akapandishwa cheo akawa meja jenerali akiwa na miaka 43.

Lakini katika mji ule ule walikuwako Waafrika kwa maelfu, Wabarolong na wakimbizi wengine, na mgao wa chakula haukuwa sawa. Wanahistoria bado wanabishana ni lawama kiasi gani imwangukie yeye. Kwamba Waafrika walikufa kwa njaa ndani ya Mafeking hakuna anayebisha. Ndani ya mji huo alikuwemo pia kijana mmoja mkalimani wa mahakama, Sol Plaatje, aliyekuwa akiandika shajara yake kimya kimya. Shajara ile ilichapishwa mwaka wa 1973, miaka arobaini na zaidi baada ya Plaatje kufa, na ndiyo iliyotufanya tujue mji ule ulionekanaje kutoka upande wa pili wa sahani.

Humo humo Mafeking ndimo lilimozaliwa wazo lake kubwa. Wavulana wa mji walipewa sare wakatumwa kupeleka barua na kulinda zamu, ili watu wazima wapate kupigana. Baden-Powell aliona kwamba mtoto ukimwamini na kazi ya kweli, anaifanya. Aliporudi Uingereza akakuta kijitabu chake alichowaandikia askari kuhusu upelelezi kinasomwa na wavulana mashuleni. Mwezi wa Agosti 1907 akawachukua wavulana wapatao ishirini, watoto wa matajiri na watoto wa wafanyakazi pamoja, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea kusini mwa Uingereza. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake cha mafunzo ya uskauti, kwanza kwa vipande vya kila wiki mbili, na kabla hajajipanga vizuri watoto walikuwa wamekwisha kuunda vikosi wenyewe. Mwaka wa 1909, katika mkutano mkubwa pale Crystal Palace, wasichana nao wakajitokeza na kofia zao wakitaka kuhesabiwa. Akamwomba dadake, Agnes, awashughulikie, na ndipo vikaanza vyama vya Girl Guides mwaka wa 1910. Mwaka huo huo aliacha jeshi, na mwaka huo huo uskauti ukaingia Kenya.

Alioa akiwa na miaka 55. Mke, Olave Soames, alikuwa na miaka 23. Walikutana melini mwaka wa 1912, wakagundua kwamba wamezaliwa tarehe moja, 22 Februari, ijapokuwa miaka iko mbali. Wakapata watoto watatu, mwanamume mmoja na wanawake wawili. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza wakanunua nyumba huko Hampshire, wakaiita Pax Hill, kwa neno la Kilatini lenye maana ya amani. Mwaka wa 1920 maskauti wa nchi mbalimbali wakakutana London wakamtangaza Skauti Mkuu wa dunia. Mwaka wa 1929 Mfalme akampa cheo cha ubwana, naye akachagua kujiita Lord Baden-Powell wa Gilwell, kwa jina la uwanja wa kufundishia maskauti.

Miongoni mwa sheria za uskauti kuna ile ya kumfanya kila skauti ndugu wa skauti mwenzake. Hapo pana maneno. Afrika Kusini watoto weusi walitengewa chama chao kwa jina jingine kwa miaka. Kenya ya mkoloni nayo ilikuwa na vikosi vya Wazungu, vya Wahindi na vya Waafrika, kila kimoja na njia yake. Undugu uliandikwa kitabuni, na barabarani kila mtu akabaki na kipande chake mfukoni. Mzee mwenyewe hakuonyesha haraka ya kugombana na serikali kwa ajili ya hilo.

Sasa tufike Nyeri. Kulikuwa na Mwingereza aitwaye Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuajiriwa na uskauti na kuwa karibu na Baden-Powell kama katibu wake. Huyu Walker baada ya vita alikwenda kusafirisha pombe ya magendo kuingiza Marekani wakati ilipopigwa marufuku, na hata kitabu akakiandika kwa jina la bandia kueleza ujanja wake. Kisha akaja Kenya na mkewe, akafungua hoteli ya Outspan mwaka wa 1928, na mwaka wa 1932 akajenga ile nyumba ya juu ya mti, Treetops, watu walale humo wakitazama tembo. Mimi nilikunywa chai tu pale, ndugu msomaji, na nilipoambiwa habari hizo nilikitazama kikombe mara mbili.

Baden-Powell alimtembelea Walker mwaka wa 1935, akapapenda. Alikuwa na miaka karibu themanini, amechoka, na moyo unamsumbua. Mwaka wa 1937 akahudhuria mkutano wake wa mwisho wa maskauti wa dunia huko Uholanzi, akawaaga. Madaktari walimtaka apumzike. Oktoba 1938 yeye na Olave wakahamia kijumba walichojengewa ndani ya uwanja wa Outspan. Wakakiita Paxtu, yaani Pax ya pili, baada ya ile ya Hampshire.

Miaka yake miwili hiyo ilikuwa ya kuchora na kuandika. Alichora ndege na wanyama aliowaona, akatoa vitabu vidogo vyenye michoro ya Kenya. Alikaa verandani akatazama mlima, na nimeujua utamu wake, maana asubuhi moja ukungu ulifunguka kidogo na kilele kikatokea na theluji yake, kisha kikafunikwa tena kama mtu aliyechungulia dirishani. Mwezi wa Septemba 1939 vita vikaanza tena Ulaya. Hakurudi. Tarehe 8 Januari 1941 akafariki Paxtu, ana miaka 83, akazikwa kesho yake katika makaburi ya kanisa la St. Peter's hapo Nyeri, uso wa kaburi ukiuelekea mlima. Juu ya jiwe kuna alama ya duara lenye nukta katikati. Ni alama ya maskauti njiani, nayo humwambia anayefuata nyuma kwamba mwenzake amekwisha kwenda nyumbani.

Olave alirudi Uingereza. Alikufa mwaka wa 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri yakawekwa pamoja na mumewe. Kaburi limetangazwa na Kenya kuwa kumbukumbu ya taifa. Paxtu haikukaa tupu. Kuanzia mwaka wa 1947 aliishi humo Jim Corbett, yule mwindaji mashuhuri wa chui na simbamarara wa India, pamoja na dadake. Corbett ndiye aliyekuwa Treetops na Binti Elizabeth usiku ule wa Februari 1952 alipokuwa malkia bila kujua, kwa kuwa babake alifariki usiku huo. Corbett alikufa 1955, naye amezikwa makaburi yale yale.

Nilipotoka makaburini nikamuuliza mpwa wangu la Dedan Kimathi liko wapi. Akaniangalia kama niliyeuliza bahari iko wapi hapo Nyeri.

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920, Tetu, wilaya hiyo hiyo. Mwezi ule Baden-Powell alipoingia Paxtu, kijana huyu alikuwa anatimiza miaka kumi na minane, umbali mfupi tu kutoka veranda ile. Baadaye alifundisha shule, akawa katibu wa KAU huko Bonde la Ufa, akaingia msituni mwaka wa 1952. Wapiganaji wa msituni waliichoma Treetops mwaka wa 1954. Yeye akakamatwa 21 Oktoba 1956, akiwa amepigwa risasi, akalazwa hospitali ya Nyeri, akashtakiwa Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola, akahukumiwa kifo. Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku nne baadaye, 22 Februari 1957, maskauti wa dunia waliadhimisha miaka mia tangu kuzaliwa kwa Baden-Powell. Sidhani kama yupo aliyezipanga tarehe hizo ziwe karibu. Lakini ukisimama Nyeri na kalenda mkononi huwezi kuzitenganisha.

Mwili wa Kimathi ulifichwa na serikali ya mkoloni. Mkewe, Mukami, aliishi mpaka Mei 2023 akiomba aonyeshwe mifupa ya mumewe ili aizike, na akazikwa bila kuonyeshwa. Sanamu yake ilisimamishwa Nairobi mwaka wa 2007, miaka hamsini baada ya kunyongwa. Chuo kikuu cha Nyeri kina jina lake. Kaburi hana.

Kwa hiyo ningeweza kusema kwamba nyumba ya mkoloni imehifadhiwa kwa kuwa ni ya mkoloni, nikafunga daftari. Kwa upande wa makaburi hayo mawili nadhani ndivyo. Mwenye nguvu alizika wake kwa heshima, akaficha wa mwenzake. Lakini kwa nyumba sidhani. Kenya imejaa nyumba za Wazungu waliokuwa wakubwa kuliko yeye serikalini, magavana na makamishna, na nyingi zimeanguka au zimekuwa maghala ya viazi. Paxtu haikubaki kwa ajili ya serikali ya Uingereza wala ya Kenya. Imebaki kwa sababu kuna watu, kizazi baada ya kizazi, wanaojiona ni wenyewe. Chama cha Maskauti cha Kenya kina mkono wake pale. Kila mwaka ikifika 22 Februari watoto wa shule wanapanda mabasi kwenda kaburini. Anayetoka Japan au Brazil anaacha skafu yake ukutani. Paa likivuja, yuko wa kuulizwa na yuko wa kuaibika.

Hapo ndipo nilipoanza kuumwa, na si baridi.

Bibi yetu, mamake mama, alikuwa na nyumba Mji wa Kale, Mombasa. Ilijengwa na babu yake kabla ya reli. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu, vyumba virefu vyembamba kwa kuwa boriti hairuki zaidi ya urefu wake, na mlango wa nakshi ambao mimi nilijifunza kuhesabu kwa maua yake. Bibi alipofariki warithi walikuwa wanne. Wawili wakafariki, fungu lao likagawanyika. Leo tuko kumi na mmoja, wengine Muscat, wengine Uingereza, mmoja sijui yuko wapi. Mirathi ni haki iliyowekwa na Mwenyezi Mungu na sina neno juu yake. Ila nyumba ya watu kumi na mmoja, kila mmoja anangoja mwenzake anunue chokaa. Mvua za masika zikaingia. Mtu mmoja wetu, kwa nia njema, akapiga ukuta saruji. Fundi yeyote mzee angemwambia: saruji hainyweshi wala haipumui kama chokaa, maji yanabaki ndani ya jiwe, jiwe linaoza, na plasta inadondoka na kipande cha ukuta. Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha mlango ukauzwa. Ulikwenda mchana kweupe, juu ya mkokoteni, na pahala pake pakatiwa geti la chuma. Sitaji aliyeuza. Pesa ziligawanywa na mimi fungu langu nilipokea.

Si kwamba pwani tumekosa sheria. Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi, na kuna ofisi ya Makumbusho inayoshughulika nao. Lamu imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, Ngomeni, yaani Fort Jesus, tangu 2011. Kuna sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka wa 2006. Unguja, Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka wa 2000, una mamlaka yake ya serikali na una jumuiya yake ya wananchi ya kuutetea. Na juu ya hayo yote, tarehe 25 Desemba 2020 Beit al Ajaib, jumba lililopona mizinga ya 1896, liliporomoka upande mmoja mafundi wakiwa ndani, watu wawili wakafa. Mizinga ya Waingereza haikuliangusha. Lililiangushwa na maji ya mvua na miaka ya kungoja.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa sisi Waislamu hatuabudu makaburi wala majumba, na kwamba makaburi yetu yaliyo bora ni yaliyo sawa na ardhi. Ni kweli. Sikuona mtu akiabudu pale Paxtu, niliona mtu akifagia. Nitaambiwa pia kwamba Baden-Powell ana dunia nzima nyuma yake, na bibi yangu ana sisi tu. Hilo nalo ni kweli, lakini dunia nzima ile ilianza na wavulana ishirini na hema. Sisi ni kumi na mmoja.

Na yapo mengine yanayonikera zaidi. Nyeri ina Majengo yake, kama ulivyo kila mji wa bara, mahali walipokaa Waswahili, wapagazi, askari wa zamani na wafanyabiashara waliopanda na reli na misafara, wakajenga msikiti, wakalea watoto, wakafa huko huko. Katika siku nne hizo nilisali nao Ijumaa. Hakuna kibao cha kumwambia mgeni kwamba hawa nao ni historia ya mji huu, wa umri mmoja na Wazungu wake. Watalii wanapitishwa kwenda Outspan. Mzee mmoja pale msikitini alinisimulia nasaba yake mpaka Pangani, vizazi vitano, bila kusita. Nilitamani ningekuwa na kinasa sauti. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji, na siku ya pili nilikuwa safarini.

Jioni ile ya Paxtu tulirudi Skuta, mpwa wangu akapika wali wa nazi ya kopo, tukala tukiwa tumevaa soksi. Akaniuliza mlango wa bibi ulikuwaje, maana yeye alizaliwa geti la chuma likiwa limekwisha tiwa. Nikachukua kalamu nikajaribu kuuchora nyuma ya risiti. Yale maua ya katikati nilikumbuka. Ya pembeni, ilhali nimeyahesabu utotoni mara ngapi, yalinipotea.

Akageuza risiti ile, akaanza kuandika majina ya warithi mmoja mmoja, na nambari za simu tulizonazo. Usiku ule tulipiga. Tisa ndio nambari zao zipo. Sita walipokea. Wawili walidhani ni msiba.